Hali ya Sampuli: Nzuri

Baba Naisiae alikuwa akibeba udongo mapajani. Sitanii. Kwa miaka kumi na tisa alichimba mashimo ya kupimia udongo wa misingi ya majengo, kuanzia Ngaramtoni alikozaliwa hadi miteremko ya juu ya Meru, na kila bonge alilokata alilipakata ndani ya pikapu mpaka kwenye maabara yetu pale Sakina. Dereva akiingia kwenye korongo kwa fujo alitukanwa kwa Kimasai, kisha kwa Kiswahili ili asibaki na shaka. Na mtukanaji alikuwa mzee wa kanisa.

Jina lake ni Lemomo. Kazini hakuna aliyemwita hivyo, tulimwita kwa jina la binti yake.

Injinia anayesanifu msingi anataka udongo ufike kwake ulivyolala ardhini, na maji yake yale yale na matundu yake yale yale. Ukiubonyeza au ukiulowesha, umempelekea uongo, naye atajenga juu ya uongo huo. Baba Naisiae alikuwa akishuka shimoni na kisu, anachonga bonge la mraba taratibu kama anayemnyoa mgonjwa, analizungushia kitambaa, analipaka nta ya moto tabaka juu ya tabaka. Udongo wetu huku ni majivu ya volkano. Ukiwa mkavu, shimo la mita tatu linasimama wima bila nguzo hata moja. Ukilowa unanywea, na kilichokaa juu yake kinashuka nao. Wengi walirudi na makombo kwenye mfuko. Yeye hakuwahi, na sifa hiyo aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Mimi ni fundi sanifu wa maabara. Kazi yangu ni kuvua ile nta, kukata kipande, kukibana kwenye pete ya chuma chini ya uzito, kisha kukimwagia maji nione kitashuka kiasi gani. Kabla ya yote hayo kuna fomu, na kwenye fomu kuna mstari unaosema: hali ya sampuli. Hapo naandika mimi, si mwingine.

Agosti ya mwaka ule tulipewa kazi ya bweni la ghorofa la shule moja ya wasichana, juu kidogo ya barabara ya Nairobi. Jua lilikuwa kali na udongo umekauka mpaka chini. Baba Naisiae alileta bonge moja, akaliweka mezani kwangu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Baba Naisiae."

"Marahaba, Mama Lucky. Hili limenitoa jasho."

Hakukaa. Kwa kawaida alikaa akanywa chai na kunisimulia ugomvi wa kwaya. Nilipovua nta nilikuta uso mmoja wa bonge ni mweusi, na kidole changu kilipougusa kilipata ubaridi. Unyevu katikati ya Agosti, mita tatu chini! Nilijua hapo hapo kwamba kuna kitu. Nikajiambia labda kuna mfereji wa shamba jirani. Nikajiambia ni Baba Naisiae huyu, nani atamfundisha kazi? Injinia Melkizedeki, msanifu wa bweni lile, alikuwa amepiga simu mara mbili asubuhi ile akiulizia majibu. Nikaandika: nzuri.

Kipande kilipomwagiwa maji hakikushuka hata unene wa ukucha. Kwa majibu hayo udongo ukahesabiwa imara, na bweni likajengwa juu ya msingi mwembamba.

Miaka mitatu baadaye, Aprili, mvua ilinyesha siku tisa. Gata zote za paa zilimwaga maji kwenye kona moja, na ile kona ikazama. Saa nne asubuhi ukuta wa ngazi ulianguka kwa nje. Wanafunzi walikuwa madarasani. Agnela, matroni wa bweni, alikuwa nyuma ya ukuta akianua mashuka ya watoto wa watu yasilowe zaidi. Walimtoa saa nane mchana. Alikuwa na miaka thelathini na minne, akasafirishwa kwao Kilimanjaro kuzikwa. Sikwenda msibani. Nilisema nina mafua.

Kamati ya uchunguzi ilitaka udongo upimwe upya, na kwa kukosa akili au kwa kukosa watu, ikaagiza achimbe yule yule. Baba Naisiae angeweza kukataa, au kuleta makombo safari hii na kusema udongo umegoma, na nani angembishia? Alichimba chini ya stoo ya zamani ya shule, mahali mvua haikufika, siku mbili nzima, peke yake. Akaja amelipakata bonge kama siku zote. Nilipovua nta lilikuwa kavu, la kijivu, matundu yake yote wazi. Sijaona kazi safi kama ile maishani mwangu.

"Leo nakaa," alisema.

Akavuta stuli. Nilibana kipande, nikaongeza uzito, nikamwaga maji. Mshale wa geji ya kupimia mshuko ulizunguka mbele ya macho yetu, ukazunguka tena. Udongo uliporomoka ndani ya pete kimya kimya. Baba Naisiae aliutazama mpaka ukasimama.

"Lile la Agosti nililimwagia maji," alisema. "Mawili yalikuwa yamenivunjikia mkononi. La tatu likaanza kumeguka. Nikachukua chupa yangu ya maji ya kunywa, nikalinyunyizia, nikalipigapiga kwa kiganja mpaka likashikamana. Hivyo ndivyo mama alivyokuwa akikandika nyumba yetu. Mkono ulifanya wenyewe, Mama Lucky. Halafu nikalipaka nta haraka nisilione."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumshika mkono. Sikufanya lolote, nilifuta meza ambayo haikuwa chafu.

"Wewe ulilifungua," alisema. "Hukuona?"

Alisubiri, na mimi nikaendelea kufuta.

Siku ya kamati tulikaa benchi moja. Alisimama akasema yote, chupa, kiganja, nta, kwa sauti ile ile aliyokuwa akisomea matangazo kanisani. Mume wa Agnela alikuwa mstari wa mbele, ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Mwenyekiti akauliza kama maabara ingeweza kugundua.

Baba Naisiae aligeuka akanitazama. Nilikuwa na muda wa kutosha kusimama. Miguu ilikuwepo, sauti ilikuwepo.

"Hapana," akasema. "Nta ilikuwa nzima. Yaliyo ndani wasingeyajua."

Wakaandika. Mwenyekiti akaniuliza kama nina la kuongeza, nikasema sina. Huo ndio uongo wa pili wa Baba Naisiae, na alinipa mimi bure, nami nikaupokea kama mtu anayepokea chai.

Alifukuzwa kazi wiki ile, na kanisani akajiuzulu uzee mwenyewe. Sasa anauza maharage siku za soko Ngaramtoni. Nilipita Alhamisi moja, nikamwamkia, akaitikia vizuri, akanipimia kilo mbili na kuniulizia Lucky anasoma wapi siku hizi. Hakuligusa lile jambo. Ningependa angeligusa.

Mimi bado nipo maabara. Vijana wanaleta sampuli zimetikiswa kwenye bodaboda, nawarudisha na kuwafokea, nao wananiogopa, wanasema Mama Lucky hana mchezo. Ile fomu ya Agosti ipo kwenye kabati nyuma yangu. Hakuna aliyewahi kuiomba. Neno nililoandika liko pale pale, kwa mwandiko wangu, na ufunguo wa kabati ninao mimi.