Gari Dogo la Kabazi

Siku yangu ya kwanza gereji sikupewa spana. Mwenye gereji, Singasinga wa hapa Nakuru tuliyemwita Mzee Singh, alinirushia gunia kuukuu na kunionyesha gari lililokuwa juu ya jeki.

"Lala chini," akasema. "Huku juu mtu yeyote anaweza kupaka rangi."

Baada ya miaka kadhaa nilienda Elburgon kutunza malori ya kiwanda cha mbao, chini ya meneja wa karakana aliyekuwa mkali hata kwa boliti moja iliyolegea. Huko nilijuana na Kiprop, dereva wa lori la magogo. Niliporudi kwa Mzee Singh nikiwa foromani, nilimkuta Kariuki, fundi wa kunyoosha bodi. Mimi ndiye niliyewakutanisha hao wawili. Wote walikuwa wagonjwa wa mbio za magari.

Mwaka wa 2007 waliamua kununua gari moja kuukuu, dogo, la mlango wa nyuma, walitengeneze la mashindano ya uwanja wa vumbi. Wakaniomba niwachagulie.

Gari la kwanza lilikuwa Gilgil, linang'aa kama kioo. Nilipitisha sumaku iliyofungwa kitambaa ubavuni mwake, ikateleza na kuanguka: chini ya rangi hakukuwa na bati, ni pati tupu, ile ya kuzibia mashimo. La pili, hapa mjini, lilikuwa na injini nzuri, lakini pale shokabzoba inaposhikilia bodi palikuwa pameliwa na kutu. Gari la mbio likioza hapo, achana nalo. La tatu lilikuwa Kabazi, kwa mwalimu mstaafu aliyelitumia kubebea kabichi. Rangi ilikuwa imechakaa na viti vimeraruka, ila chini lilikuwa kavu na limenyooka, na spea zake zilipatikana kila duka.

"Hili baya hivi?" Kariuki akaniuliza.

"Hili."

Walitoa kiti cha nyuma kupunguza uzito. Kariuki akachomelea kizimba cha mabomba ndani, cha kumkinga dereva gari likipinduka. Mwisho wa Desemba lilikuwa tayari. Kisha matokeo ya uchaguzi yakatangazwa, na nchi ikawaka, kabila kwa kabila.

Mama yake Kariuki alikuwa peke yake Elburgon, na nyumba za jirani zilikuwa zimeanza kuchomwa. Kariuki alitaka kwenda. Kiprop akamshika mkono.

"Wewe wakiona jina lako kwenye kitambulisho, umekwisha. Wacha niende mimi. Huko ni kwetu."

Gari lililokuwa na mafuta gerejini ni lile tu. Kiprop alimkuta mama amejificha kwenye shamba la mahindi makavu, akamlaza pale kiti kilipokuwa, juu ya bati, akamfunika turubai. Kwenye kizuizi vijana walimsimamisha.

"Boss, umebeba nini?"

"Vyuma vya gari."

Walimsalimia kwa lugha yao, naye akajibu. Mmoja akainua turubai. Kiprop akakanyaga mafuta. Mawe yalivunja vioo vyote, lakini alipita.

Mzee Singh mwenyewe ndiye aliyefungua geti. Mama alishuka akiwa na damu usoni, akatutazama mmoja mmoja.

"Kariuki ako wapi?"

Asubuhi hiyo Kariuki alikuwa ametoka kwenda kumtafutia mama yake blanketi mtaani kwake, na huko alikutana na kundi la watu. Mimi ndiye niliyeenda kumtambua mochari. Nilimjua kwa mikono, ile alama ya moto wa kuchomelea.

Habari ya turubai ilifika Elburgon kabla fujo hazijatulia. Nyumba ya Kiprop ilichomwa na majirani zake mwenyewe, naye akahamia mbali. Miezi ilipita ndipo akaja kumwona mama kwenye kambi ya waliofukuzwa makwao, katika uwanja wa maonyesho. Nilikuwa nimesimama hapo. Mama alimshika kichwa kwa mikono miwili.

"Wewe ni mtoto wangu. Lakini usirudi tena. Nikikuona wewe, namwona yeye."

Gari nililifungua mimi mwenyewe, spea zikauzwa moja moja. Halikuzunguka uwanja hata mara moja.

Nilistaafu mgongo ulipokataa. Vijana bado huja nyumbani na picha za magari kwenye simu, nami huwaambia tukalione. Nikiona bodi imenyooka nawaambia wanunue. Wakinialika kwenye mashindano, huwa siendi. Kazi hii imenifundisha kutambua chuma kilichooza. Watu nimeishi nao miaka yote hiyo, na sikuona kitu.

Kila Krismasi Kiprop hunipigia simu kuuliza hali ya mama. Mwaka jana nilimwambia tumemzika Subukia, kwa dada yake.

"Sasa naweza kuja?" akauliza.

Alikuja na basi la asubuhi. Nilimpeleka kaburini, nikamwacha huko, nikamngoja barabarani.