Bendeji ya Mlinzi wa Newtown

Ignace wa Lubumbashi alikuwa mlinzi aliyependwa na kila mtu kwenye jengo moja la maduka pale Newtown, ukiondoa wezi, na hata wao sina hakika. Siku majambazi walipoingia na bunduki, mwenzake Emery walimvunja mkono. Ignace walimlaza tu kifudifudi, wakamwekea mtutu kisogoni.

Emery alifungwa plasta, akaenda kwa daktari wa mifupa, akanyooshwa vidole na mabinti wenye mikono laini, yote kwa bima ya kampuni, mpaka mkono ukapona kabisa. Ignace naye alikuwa akiruka kila mlango unapojibamiza. Alikuwa akimwona Mama Clémentine, mshauri wa mambo ya akili, na usingizi ulikuwa umeanza kurudi. Bima ikaishia hapohapo.

"Kaka Ignace, mpango wetu ndivyo ulivyo," alisema Mayasa, dada wa Tanga aliyeshughulikia bima za wafanyakazi. "Mkono wanaulipia hadi upone. Kichwa kina kikomo, na wewe umeshakifikia."

"Kwani kichwa si yangu? Niliikodisha?"

Mayasa alicheka, kisha akalifunga faili. Wote wawili walijua kwamba mlinzi asiyeweza kusimama mlangoni hana kazi. Ignace aliogopa, na aliona aibu kwamba anaogopa.

Mwingine angegomba. Yeye asubuhi iliyofuata alikomba bendeji zote kwenye sanduku la huduma ya kwanza la kampuni, akajizungushia kichwani mpaka nyusi zikapotea. Kofia ya kazi akaibandika juu, ikakaa kama kifuniko kwenye sufuria iliyofurika. Akasimama mlangoni, kifua mbele.

"Eish, baba, umepatwa na nini?" aliuliza mteja mmoja.

"Nimevunjika, mama."

"Wapi?"

"Ndani."

Emery, aliyezoea kumwita yaya, yaani kaka mkubwa, alicheka mpaka akashika mbavu. "Yaya, sasa umekuwa kichaa kweli."

"Bado. Nangoja bima ikubali."

Kufikia mchana akina mama walikuwa wamemletea juisi na ndizi, na mmoja alikuwa akimwombea palepale, mkono juu ya bendeji. Wenye maduka wakaanza kunong'ona kwamba majambazi wamerudi. Meneja mkuu wa kampuni akashuka ngazi mbiombio.

"Vua hiyo kitu."

"Nitavua, patron. Kwanza uwaambie hawa mama kwa nini mukono inatibiwa hadi mwisho, kichwa inaachwa njiani."

Meneja aliwatazama akina mama. Akina mama nao wakamtazama, na hakuna aliyeonekana kuwa na haraka ya kwenda nyumbani.

Mkataba wa bima ulikuwa unafanywa upya mwezi uleule. Mayasa, ambaye ndiye pekee mwenye ufunguo wa sanduku la huduma ya kwanza na alishangaa sana kulikuta wazi, alipeleka mezani mpango mwingine, unaotibu kichwa sawasawa na mkono. Meneja aliusaini akiwa amesimama.

Ignace akarudi kwa Mama Clémentine. Bendeji akazifua, akazianika nyuma ya chumba cha walinzi. Emery alimkuta akizikunja, akageuka kwanza kuhakikisha wako peke yao.

"Yaya, hizo bendeji bado unazitumia?"

"Hapana. Kwani?"

Emery aliufungua na kuufunga mkono wake uliopona. Safari hii hakucheka.

"Siku ile na mimi nililala chini, pembeni yako," alisema. "Mpaka leo sipati usingizi."