Barabara ya Ndugu Yangu

Ndugu yangu mdogo alizikwa Sudan, siku ileile kombora lilipoiangukia ambulensi aliyokuwa akiendesha. Hakuwa mwanajeshi. Aliacha kazi ya lori la simiti Athi River akaenda kujitolea kubeba majeruhi wa vita visivyomhusu. Nilimwita mjinga kwenye simu. Alicheka, akaniambia nimsalimie mama.

Kwetu Kivaa mtu huzikwa shambani kwao, na majirani walitaka tumjengee angalau msalaba. Mama akakataa. Tangu tupate habari hakuwa amelitamka neno kufa hata mara moja; alisema tu, "Hajarudi." Mimi, kifungua mimba wake, niliogopa kwamba angezeeka akimsubiri. Nilipomuuliza basi tumkumbuke kwa kitu gani, nilishangaa kuwa jibu alikuwa nalo.

"Barabara," alisema. "Hii yetu gari ya wagonjwa haifiki. Watu wanabebwa na kitanda mpaka huko chini. Hiyo maneno ilikuwa inamuudhi sana."

Kikundi chetu cha mwethya, yaani akina mama wanaosaidiana kazi za shamba kwa zamu, kikakubali kuisawazisha barabara. Jumatatu walikuja na majembe na karai, nyimbo juu, wakachimba kama wanaolipwa. Adhuhuri nikaenda kukagua, na loo! Wanawake hawa wamechimba matuta ya kuzuia mmomonyoko tangu wakiwa wasichana, na mazoea yana tabu. Walikuwa wamekata mtaro toka kando hadi kando ya barabara, udongo wakaurusha upande wa juu, likatokea tuta refu, zuri ajabu. Hata punda asingepita. Mahindi, ndiyo, yangestawi.

Nilifoka. Mwenyekiti akanitazama, akalitazama tuta, akaketi chini kwa kicheko. Tukacheka sote mpaka mbavu zikauma. Kama kuna mtu ambaye angelipenda tuta lile ni ndugu yangu. Angelisimulia mpaka tukome. Mama peke yake hakucheka. Alishika jembe akaanza kulibomoa.

Ilituchukua Jumatatu tatu zaidi.

Mwezi uliofuata ambulensi ilipanda kumchukua jirani aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Ilifika hadi mlangoni pake. Walipokuwa wakimpakia, mama alisogea kwenye dirisha la dereva.

"Habari ya mchana, mama," dereva akasema. "Hii barabara imekuwa mzuri. Ni serikali ilitengeneza?"

"Serikali gani? Hii ni ya kijana yangu. Alikuwa anaendesha gari kama hii yako. Alikufa. Alikufa Sudan akibeba wagonjwa. Sasa wewe enda polepole, huko chini kuna kona mbaya."

Gari lilipoondoka aliketi palepale kando ya barabara, akaanza kulia kwa sauti. Nikaenda nikaketi naye. Kilio hicho nilikuwa nimekingoja miezi minane.