Injini ya Kessling imenoki mara ya tatu

Saa nne asubuhi, fundi Lorna Petrosky anagonga pistoni ya pikipiki kwa nyundo na kipande cha mti, na pistoni haitoki kwenye silinda. Anagonga tena. Kisha anaweka nyundo chini na kumkazia macho mwenye pikipiki, Wendell Haskins, daktari wa meno mstaafu, aliyesimama mlangoni mwa karakana na kikombe cha kahawa.

"Umesahau tena."

"Nilisahau kidogo tu, dada Lorna."

"Kidogo! Kwani injini inakufa kidogo, mzee?"

Hii ni Kessling ya mwaka 1912, iliyoundwa papa hapa Tiffin, Ohio, na kiwanda kilichofungwa kabla hakijatimiza miaka mitano. Enzi hizo oili haikujizungusha yenyewe. Mwendeshaji ndiye aliyeisukuma kwa mkono, kwa pampu iliyo ubavuni mwa tangi, kila baada ya dakika chache. Usiposukuma, injini inanoki: pistoni inakwama ndani ya silinda. Basi, hakuna kingine cha kujifunza.

Lakini kila Julai 4, siku ya gwaride la uhuru wa Marekani, Haskins akiwaona watu wamejipanga barabarani huachia pampu na kuwapungia mkono. Jamani! Hii ni mara ya tatu injini kunoki.

Lorna, mwenye miaka 58, amechonga injini za zamani kwa miaka thelathini na mmoja. Kazi humpa dola elfu thelathini na nane kwa mwaka, akibahatika. Wateja humpa presha.

"Wananunua pikipiki iliyowazidi umri, halafu wanaiendesha kama baiskeli ya mtoto," anasema. "Ukiwaelekeza wanaitikia ndiyo, ndiyo. Sikio la kufa halisikii dawa."

Kessling inamuuma zaidi. Baba yake, marehemu Stan, alitumia miaka kumi na mmoja kuokoteza vipuri vyake kwenye mabanda ya mashamba na minada ya vyuma chakavu. Alipougua, familia iliiuza ili alipiwe matibabu. Mnunuzi alikuwa Haskins.

Kwa kuchongwa kila iliponoki, sasa kuta za silinda zimebaki nyembamba. Zinaweza kuchongwa mara moja tu tena, hii ya sasa. Ikinoki tena ndiyo kwaheri, maana silinda nyingine Lorna ameitafuta hadi Pennsylvania na hakuipata.

"Pikipiki sikurudishii," anamwambia Haskins. "Ukitaka, ita polisi."

Mzee anazungusha kikombe mkononi. "Basi Julai endesha wewe. Mimi nitakaa kwenye kiti kando ya barabara na wazee wenzangu."

Ungedhani Lorna atashukuru. Wapi! Anafoka.

"Miaka tisa! Mara tatu unaniletea maiti niifufue, na leo ndiyo unaniambia?"

Anavua miwani, anaifuta kwa aproni iliyolowa oili, inazidi kuchafuka. Haskins anamnyooshea kitambaa chake. Lorna anakipokea na kufutia miwani.

Anataka silinda iwe tayari kufikia Mei, apate wiki nane za kujizoeza. Pikipiki hiyo hajawahi kuipanda hata siku moja. Baba yake alikuwa akimwambia asubiri ikamilike, na ilipokamilika, ikauzwa.