Tundu la Moto Katika Gari la Baba

Gari la baba lilikuwa na harufu yake: mchele mpya, magunia ya katani, mawese yaliyomwagika sakafuni, na chini ya hayo yote harufu nyepesi ya kitu kinachoungua polepole. Hiyo ya mwisho tulikuwa tumeizoea, hatukuijali tena. Baba alifanya biashara ya mchele pale Kasuku, mjini Kindu, siku za Wabelgiji. Pikapu hilo alilinunua likiwa kuukuu kwa mlowezi mmoja aliyeteremka nalo kutoka milima ya Kivu kabla ya kurejea kwao. Huko milimani, ambako asubuhi mtu hutoa mvuke kinywani, gari lilihitaji kipasha-joto. Hewa ilipitishwa ndani ya ganda la bati lililozunguka bomba la moshi, ikishika joto ililetwa kwa mpira mnene hadi kwenye tundu lililokuwa miguuni pa abiria. Sisi watu wa Kindu joto hatukuwahi kulililia. Tena kifuniko cha tundu hilo kilikuwa kimeshikwa na kutu, hakifungiki, na nyayo zetu zikiungua kila safari. Mwishowe baba alishindilia kipande cha gunia mle tunduni, akapangusa mikono, akasema mambo yamekwisha.

Dereva wake alikuwa mdogo wake, baba mdogo Amisi, kijana mnadhifu ambaye hata kitambaa cha kupangusia oili alikikunja pembe nne kabla ya kukiweka. Mwaka ule, nikiwa nimeanza kuweza kubeba ndoo kichwani bila kujimwagia maji, alioa msichana wa Pangi aitwaye Feza. Mama mdogo Feza alicheka kwa sauti kubwa, akatufundisha kusuka vikapu, na nyumba yetu ikachangamka. Mvua kubwa zilipoanza, Amisi alitumwa kupeleka mchele Kampene, na Feza akapanda naye ili amsalimie mama yake njiani. Walivuka Lualaba asubuhi. Walipofika mto Elila, maji yalikuwa yamepanda na kivuko kimesimama. Wakashuka kufunika magunia kwa turubai, wakalowa chapachapa, kisha wakarudi ndani na kupandisha vioo. Kioo cha upande wa Feza kilikuwa kibovu, kiliacha uwazi wa upana wa kiganja, na mvua ikawa inampiga shavuni. Injini Amisi hakuizima, maana betri ilikuwa imechoka na pale hapakuwa na watu wa kulisukuma gari.

Yaliyofuata tuliyasikia kwa kinywa cha Feza mwenyewe, siku lori la watu wengine lilipouleta mwili. Alisema kichwa kilimgonga, akafungua mlango akaenda kutapika majanini, na miguu ikakataa kumbeba. "Nilikaa kule kwa mvua mupaka nikapata nguvu," alisema. "Kurudi, namwita, haitike. Nikafikiri amelala." Amisi hakuwa na jeraha wala hakuwa ameugua. Midomo yake, na hili nililiona kwa macho yangu kabla hawajamfunika, ilikuwa myekundu kama ya mtu aliyetoka kula matunda ya porini. Pikapu lenyewe dereva mwingine alilirudisha kesho yake, jua linawaka na vioo vyote viko wazi. Naye hakudhurika.

Watu hawakuchelewa kusema. Wawili waliketi kiti kimoja, mmoja akafa, mwingine akarudi mzima. Hesabu hiyo kila mtu aliona anaiweza. "Kikulacho ki nguoni mwako," walinong'ona wanawake matangani. Shangazi Mwamini, dada mkubwa wa baba, hakunong'ona. Alisimama mlangoni akamnyooshea Feza kidole: "Huyu muchawi njo alimukula! Mulimwona ile midomo? Damu yake yote iko wapi?" Feza alirudia habari ya kichwa na ya kutapika, akairudia tena, hata sauti ikamkauka. Baba alikuwa ameinamisha uso. Kabla arobaini haijafika, ndugu walimrudisha Feza kwao Pangi, na mzigo wake ulikuwa fungu moja la nguo.

Gari likabaki uani. Mama aliacha kuanika nguo karibu nalo. Sisi watoto tulipita mbali, na upepo ulipoutikisa mlango wake tulikimbia, kwa kuwa ulitoa sauti kama ya Amisi akikohoa asubuhi. Mimi nilimwona zaidi ya mara moja. Nilikuwa nikifagia uwanja, nikiinua macho naona kichwa chake nyuma ya usukani, kimeegemea pembeni, na ile midomo. Nikitazama vizuri ni kivuli cha mgomba juu ya kioo. Sikumwambia mtu. Baadaye sana mama aliniambia kwamba naye alikuwa akimwona.

Hatimaye baba aliamua kuliuza. Asubuhi moja ya mvua aliliwasha kulijaribu, akatuchukua mama na mimi hadi sokoni, vioo vimefungwa na ule uwazi wa kioo kibovu umezibwa kwa tambara. Hatukufika mbali. Kichwa kilianza kunigonga kwenye paji, macho yakawa mazito, na nikahisi furaha ya ajabu ya kutaka kulala. Mama alinishika kidevu, akanitazama, kisha akapiga kelele: "Baba Zaina, simamisha! Fungua milango!" Tulisimama mvuani tukihema. Mama alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Hii kichwa naijua," alisema. "Njo ile inanikamata nikipiga pasi ya makaa na madirisha yamefungwa."

Baba aliinama akanusa pale miguuni petu. Hakuwa fundi, alijua kubadili plagi na kuziba tairi, basi. Alilirudisha gari polepole, milango ikiwa wazi. Mvua ilipokatika alimwomba mama kitambaa cheupe, akakitandaza juu ya lile tundu la miguuni, ambamo gunia halikuwamo tena, akaiacha injini ingurume. Alipokitoa kilikuwa na duara jeusi la masizi katikati. Kisha akanipa kazi ya kuchungulia kwa mbali, akaenda nyuma na kuziba ncha ya bomba la moshi kwa tambara bichi, kwa kitambo kidogo tu. Moshi ulitoka kwenye tundu. Ulitambaa sakafuni, ukapanda taratibu juu ya kiti alichofia Amisi, kama mtu anayeketi. Nilipiga ukelele, na baba akaja mbio, akauona naye.

Aliingia chini ya gari, akafungua lile ganda la bati. Ndani, bomba lilikuwa limeliwa na kutu, lina ufa ambao kidole kiliingia. Alikata bati la pipa, akalizungushia bomba, akalibana kwa vyuma na boliti. Ganda na mpira akaving'oa kabisa, na tundu la miguuni akaliziba kwa bati jingine. Alirudia kujaribu kwa kitambaa hadi kikatoka cheupe. Alipokuwa akifagia ndani, mkono wake ulikuta kitu chini ya kiti. Ni kile kipande cha gunia alichokuwa ameshindilia tunduni, kimekunjwa pembe nne. Baba aliketi juu ya ngazi ya gari akalia, jambo ambalo hata mazikoni hakulifanya.

Tulikwenda Pangi sote watatu. Feza alikuwa amekonda, anamenya mihogo na mama yake. Baba hakungoja kiti. Mbele ya jamaa zake alimwomba radhi, akaeleza ufa, kitambaa, moshi, na uwazi wa kioo uliomwokoa. Akaeleza na gunia. Nilimwona Feza akiweka kisu chini.

"Yaya," alimwambia baba, kama mtu anayemwita kaka yake mkubwa, "nilikuwa natetemeka. Nilikuwa na homa. Nilimwambia nasikia baridi."

Baba aliketi chini, pale kwenye maganda ya mihogo.

"Aliitoa ile gunia juu yangu, nipate joto," alisema Feza. "Basi hawakusema uongo."

Mama yangu alimkumbatia, akamwambia maneno mengi ambayo siyakumbuki, na hayakufika popote. Feza hakurudi Kindu. Shangazi Mwamini alipoelezwa alisema moshi nao hutumwa na wachawi. Baba aliliuza gari, na kwa miaka iliyobaki alijiuliza kwa sauti kama angeweza kuusema ule ufa na kulinyamazia lile gunia.

Sasa mimi ni bibi kizee, na Kindu ya leo ina mafundi kila pembe. Mjukuu wangu muuguzi alinitajia jina la hewa ile iliyomuua Amisi kwa pumzi moja, bila hata kuacha kula. Lakini masika yaliyopita, mtaani kwetu, kijana alilala mzima akaamka maiti, na kabla ya adhuhuri vyombo vya mkewe vilikuwa vimetupwa barabarani. Nilikwenda nikaketi naye juu ya godoro lake, pikipiki zikitupita huku na huku. Aliniuliza, "Bibi, wewe unajua nini kilimuua?" Nikamwambia sijui, mwanangu. Nikamshika mkono, tukakaa pale mpaka ndugu zake walipofika kumchukua kwao.