Jetoni Iliyotiwa Asidi

Fiacre Katsuva ana miaka arobaini na miwili, nyumba ya matofali mabichi katika mtaa wa Bigo mjini Bunia, na detekta, mashine ya kutambua metali ardhini, aliyoinunua ili atafute dhahabu kwenye vilima vya Kilo. Dhahabu anapata kidogo. Vitu vingine anapata vingi: misumari ya reli ndogo ya mgodi, vijiko, vifungo vya makoti, sarafu za Wabelgiji zenye tundu katikati. Vitu hivyo vingempa jina mtaani, kama si Bibiane.

Bibiane anauza sufuria na vyuma vikuukuu umbali wa nyumba nne. Baba yake alitunza stoo ya karakana ya mgodi, na utotoni alichezea vilivyokuwa kwenye masanduku ya stoo hiyo. Mtu akimletea chuma chenye kutu, hana haraka. Anakipima mkononi, anakigonga kwenye jiwe, anatazama tundu lilitobolewa kutoka upande gani, kisha anasema ni nini. Asipojua, anasema hajui. Ndiyo maana watu wanamwamini, na ndilo jambo ambalo Fiacre hajaweza kuliiga.

Mwezi wa tatu Fiacre alitoa ardhini kitu cha shaba chenye mdomo mwembamba, akatangaza kwamba ni kipande cha bunduki ya askari wa zamani. Watu walikuja kukiona. Mmoja wao akakipitisha kwa Bibiane.

“Hii ni mudomo ya taa ya karabidi,” alisema, huku akihesabu vifuniko vya sufuria. “Batu ya mugodi walikuwa wanavaa kwa kichwa.”

Kufikia jioni, Fiacre alikuwa anaitwa Kapiteni Taa.

“Miye ndiye ninachimba, mugongo inaniuma,” humwambia shemeji yake Rachidi karibu kila siku. “Na yeye, kazi yake ni nini? Kukaa kwa kiti.”

“Na wanamuletea chai,” Rachidi hujibu. Anajua wapi pa kubonyeza.

“Ya maziwa?”

“Ya maziwa.”

Agosti iliyopita detekta ililia huko Kilo juu ya kisahani cha shaba, kikubwa kidogo kuliko kifuniko cha chupa ya bia, chenye tundu moja juu. Safari hii Fiacre alikitambua mara moja, na hakukosea. Ilikuwa jetoni, alama ambayo kampuni ya mgodi ilimpa kila mfanyakazi, ikiwa imegongwa namba yake ya matrikule. Udongo mgumu ulikuwa umeziba sehemu kubwa ya namba. Zilionekana tarakimu mbili za kwanza tu. Aliporudi Bunia alipita kwa kinyozi, akawaambia waliokuwepo kwamba namba iliyobaki ataisoma mwenyewe, na Bibiane atasikia kwa wengine.

Wachimbaji wa dhahabu wana desturi moja. Kitu wasichokijua wanakitia kwenye asidi: dhahabu inabaki, kisicho dhahabu kinaliwa. Fiacre amefanya hivyo kwa miaka ishirini, na mkono wake haukumwuliza. Aliweka jetoni kwenye glasi, akamimina asidi ili udongo utoke, akaketi nje na Rachidi kungoja kidogo tu.

Wakaanza kumzungumzia Bibiane.

Rachidi alikuwa amesikia kwamba mwalimu mmoja wa historia alimwomba Bibiane aje kuzungumza na wanafunzi. Fiacre alitaka kujua ni mwalimu gani, darasa gani, na kama wanafunzi wataambiwa nani anayechimba. Maelezo yalikuwa marefu. Walipoingia ndani, glasi ilikuwa imejaa maji ya kijani yanayotoa moshi, na jetoni ilikuwa nyembamba kama ukucha, laini pande zote mbili.

“Imekuwa safi,” Rachidi alisema.

Kesho yake asubuhi Fiacre aliitwa kwa Bibiane, aje na jetoni, kwa kuwa kuna mama mwenye namba ya kulinganisha. Pale aliketi Mama Marie-Claire, mjane wa miaka sabini na miwili aliyekimbia vita vya Djugu. Alipokuwa na miaka minne, baba yake aliingia kwenye galeri, njia moja ya chini ya ardhi ya mgodi huko Kilo. Ardhi ikaporomoka na mwili haukutolewa. Ukoo wake haukuwahi kuzika kitu. Alikuwa na karatasi ya kazi ya baba yake, iliyofungwa ndani ya nailoni, yenye matrikule. Habari za jetoni zilimfikia kutoka kwa kinyozi, na hakwenda kwa aliyeichimba. Fiacre aliliona hilo kabla hajatoa salamu.

Bibiane aliigeuza jetoni mara mbili.

“Ulitia asidi.”

“Ilikuwa buchafu.”

“Buchafu inatokaka na maji na subira, Papa Fiacre.”

Mama Marie-Claire alianza kuifungua nailoni. Bibiane akaweka mkono juu ya karatasi.

“Ngoja, mama. Usisome kwanza. Ni yeye peke yake aliona ile namba. Aseme, kisha tuangalie.”

Fiacre alielewa kazi ya mkono ule. Kama namba ingesomwa kwanza, angeweza kuirudia yote na hakuna ambaye angempinga. Wazo hilo lilikuwa limemjia njiani. Bibiane alikuwa amelifikia kabla yake, na hilo lilimuuma kuliko jetoni yenyewe.

“Niliona trois,” alisema. “Kisha un. Zingine zilikuwa chini ya budongo.”

“Uko na hakika?”

“Weye ni juge wa kunihukumu? Niko na hakika.”

Karatasi ilisomeka 3148: tatu, kisha moja, kama alivyosema. Mama Marie-Claire akafunika mdomo kwa kitambaa.

“Mama, sitakudanganya,” Bibiane alisema. “Wenye namba ya kuanza na trois na un wanaweza kuwa batu mia. Labda ni ya papa yako, labda ni ya mwengine. Siwezi kusema ni yake.”

“Kumbe hauwezi,” Fiacre alisema, na hakuficha furaha yake.

Mama Marie-Claire aligeuza kiti chake chote kumwelekea.

“Weye ulichimba. Uliikuta wapi? Kwa manyumba ya kambi, ao kwa galeri?”

“Kwa galeri. Pale kwa kuingilia, chini ya ukuta yenye ilianguka. Naweza kufika hata macho ikiwa imefungwa.”

“Basi unipeleke. Kama ni ya mwengine, na yeye hakuzikwa. Nitaizika palepale.”

Walipatana Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, kwa pikipiki ya Fiacre, kama barabara itakuwa tulivu. Fiacre alizungumza polepole, akieleza vilima na vivuko, naye mama akamsikiliza bila kumtazama mtu mwingine. Bibiane aliuliza kama kuna nafasi ya mtu wa tatu. Fiacre alijibu kwamba hakuna.

Mama Marie-Claire alikwisha kuikunja karatasi yake. Alisema nafasi iko. Yeye atakaa katikati.