Mkono wa Kubuni

Nachora watu wa kesho: vifua vya injini, macho ya taa, damu nyeusi kama oili chafu. Baba, fundi wa magari pale Buyenzi, alikuja kwenye maonyesho yangu ya kwanza, kule Kiriri, mtaa wa wenye nazo, amevaa kanzu yake ya Idi. Mgeni mmoja akaukodolea macho mkono wa vidole vitatu kwenye picha kubwa, akaniuliza nimeutoa wapi mkono wa kutisha namna hiyo. Ulikuwa mkono wa kulia wa baba; feni ya injini ilimkata vidole viwili. Naye alikuwa ubavuni pangu, anatabasamu, anangoja nimtaje. Mimi, mpumbavu, nikajibu, "Nimeubuni tu." Mgeni akageuka kumsalimu baba. Baba akainamisha kichwa, akasema kwa heshima ya Kifaransa, "Salama, musiyo," na mkono wake wa kulia haukutoka mfukoni.